Doa Ndani ya Droo

Kila alasiri akitoka shule, Kiherehere alipitia maabara alikofanya kazi mama yake, akaketi kwenye benchi la mlangoni mpaka mama amalize. Jina hilo alipewa nyumbani, na alilistahili, maana hakuna kitu ambacho hakukiulizia au kukigusa.

“Mama, leo unatengeneza nini?”

“Pete.”

“Nitaivaa?”

Mama alicheka. “Hii huivai, mwanangu. Ni atomu zilizoshikana mikono kwa duara. Nyingi ni kaboni, moja ni naitrojeni, mgeni wao. Kemikali mbili, fosfini na iodini, zinasaidia duara lifungike. Hapo ndipo dawa inapoanzia.”

Iodini ndiyo iliyomtia Kiherehere wazimu. Vilikuwa vipande vyeusi vinavyong’aa, vikitoa moshi wa zambarau ndani ya chupa ya kioo. Siku moja, mama alipogeuka kuhangaika na mzani, Kiherehere alichota kidogo, akatia kwenye kopo la plastiki la vidonge na kulikaza kifuniko. Nyumbani alilificha kwenye droo, chini ya sare zake, kando ya kitanda cha mdogo wake, Kibonge.

Mambo yakaanza kuharibika kimyakimya. Kwanza shati lake jeupe lilipata doa la kahawia. Alifua shati, doa likagoma kutoka. Kisha zipu ya begi lililowekwa juu ya droo ikashika kutu. Alipolitazama kopo, kifuniko kilikuwa hakijalegea hata kidogo, lakini plastiki yenyewe imegeuka hudhurungi, na ubao wa chini yake vilevile. Sasa hiki kitu kinatokaje? Alilivalisha kopo soksi, akafunga droo, akajifanya hajui lolote.

Jioni hiyo Kibonge alianza kukohoa. Macho yalikuwa mekundu, na kila alipolazwa kitandani kikohozi kilizidi.

“Mafua tu haya,” mama alisema akimpapasa kifua. “Funga dirisha, asipigwe na baridi.”

Kiherehere alilifunga. Akisema, atachapwa, na maabara hataikanyaga tena. Asiposema je? Kibonge alikohoa mpaka akakosa pumzi, akamnyooshea dada yake mikono.

“Mama, mtoe! Mtoe humu chumbani!” Kiherehere alipiga kelele. “Siyo mafua! Ni iodini. Niliichukua mimi.”

Mama hakuuliza la pili. Alifungua dirisha, akambeba mtoto mbiombio hadi zahanati. Huko alivalishwa barakoa ya hewa mpaka kifua kikatulia. Waliporudi, mama alikuwa amepitia maabara kuchukua glavu na chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akalitia kopo humo na kulitoa nyumbani.

Kiherehere alisubiri kofi. Halikuja. Mama aliketi akiwa na shati lenye doa mapajani.

“Iodini hupenya plastiki, ndiyo maana tunaiweka kwenye kioo. Hilo hukulijua. Lakini uliiba, na ulipoona doa ukalifunika.” Alilisugua doa kwa kidole. “Ungeendelea kunyamaza, ningemfungia mdogo wako chumbani na sumu kwa amri yangu mwenyewe. Kosa liseme likiwa bado dogo, mwanangu. Ukiogopa, ndipo useme haraka zaidi.”

Kiherehere alilia kwa sauti.

Shati halikutupwa. Alilivaa shuleni mpaka likambana, na kila aliyemuuliza doa lile ni la nini, alimweleza.