Nani Anamaliza Betri ya Lori Langu?

Jamani, mpaka sasa natamani kutapika...

Nimetoka nje asubuhi niwashe lori. Mume wangu ameshasimama pale, nyaya za kubusti betri begani.

Ufunguo bado uko mfukoni mwangu!

"Nani kakwambia leo haliwaki?"

"Si kawaida yake, mke wangu..."

Kawaida yake! Ngojeni niwape mkasa wote.

Lori ni la tajiri, mimi ni dereva wake. Wiki nzima lilikuwa linaamka limekufa. Kila asubuhi mume wangu ananisaidia kuliwasha, meno yote nje: "Bila mimi ungekuwa wapi?" Mzigo unachelewa, tajiri anafoka kwenye simu: "Ukichelewa tena, lete funguo!"

Na ndani ya kebini, Mungu wangu... Uvundo wa soksi! Kwenye kitanda changu nyuma ya siti, kucha zilizokatwa. Za miguu! Kikombe changu cha chai kimejaa vipisi vya sigara vilivyoloa mate.

Yuuuh!

Nikajua ni shemeji, mdogo wa mume wangu anayekaa kwetu. Uchafu ule una mwenyewe. Nikameza hasira, jana nikapeleka lori kwa fundi umeme.

"Dada, hizi soketi za USB za kuchajia zina moto hata ukitoa ufunguo. Mtu anachomeka vitu usiku kucha, na betri zako zimechoka. Asubuhi utawasha nini?"

"Zikate!"

"Za nini kukata? Nahamishia waya kwenye fyuzi inayopata moto ufunguo ukiwashwa tu."

Akafungua boksi la fyuzi, akahamisha. Ukizima gari, USB nazo kimya. Nyumbani sikumwambia mtu.

Basi leo nikapanda, nikazungusha ufunguo.

Vruuum!

Meno ya mume wangu yakarudi ndani. Pazia la kitanda likafunguka, shemeji akachomoza, jasho tupu, feni ndogo ya USB mkononi.

"Kaka! Feni imegoma, nimeliwa na mbu bure!"

"Nilijua tu ni wewe!" nikafoka.

"Shemeji, kosa langu nini? Kaka ndiye ananifungulia mlango, kisha anarudisha ufunguo kwenye mkoba wako. Kasema nichomeke kila kitu, feni, taa, simu, betri iishe, tajiri akufukuze!"

Nikamgeukia baba watoto.

"Kijiweni wananicheka," akasema, macho chini. "Mke anaendesha lori, mume nipo tu."

Nipo tu! Na sahani ya chakula ninachonunua mimi anaisafisha kila siku!

Kinyaa kikanipanda kuliko cha zile kucha.

"Shemeji, shuka. Beba na godoro, mkalale na kaka yako."

Nikaondoka. Mzigo umefika mapema. Naandika haya wakati wanapakua, yeye anapiga simu, sipokei.

Wadada, anayefurahia kukuokoa kila siku, chunguza kwanza nani anakuzamisha. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako...

Mimi changu nilikuwa nakifulia hizo nguo!