Kadi Kumi na Nne za Sikudhani

Kila asubuhi kabla ya shule, Sikudhani alikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kufagia uani na kumwamsha bibi yake. Hiyo ya tatu ilikuwa kazi ya jina tu. Bibi alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu aliamka kabla ya majogoo. Mara nyingi ni yeye aliyemwamsha mjukuu wake, tena kwa kumvuta shuka.

Siku hiyo Bibi hakuamka. Mguu wake uliochomwa na msumari wiki iliyopita ulikuwa umevimba, na mwili ulikuwa wa moto. Mama alikuwa na zamu kwenye kiwanda cha mikate na hakupata mtu wa kuishika badala yake. Alimwomba jirani awapeleke hospitali kwa pikipiki yake ya miguu mitatu, kisha akamshika binti yake mabega.

“Waambie wamtolee kadi yake ya zamani,” alisema. “Daktari aliandika humo kwa wino mwekundu. Kuna dawa nusura imuue mwaka juzi, na jina lake silikumbuki. Mimi nitafika saa sita. Umenisikia?”

“Nimesikia, Mama.”

Na kweli alisikia. Tatizo halikuwa masikio.

Kwenye foleni ya mapokezi, nyuma yake, alisimama msichana wa darasa lao waliyemwita Kidomo, akiwa na mama yake. Kidomo alikuwa na kikohozi, lakini ulimi wake ulikuwa mzima kabisa. Ndiye aliyeanzisha mzaha kwamba Sikudhani ni jina la mabibi wasio na meno. Sikudhani alichoshwa na kuchekwa, akaapa mbele ya darasa zima kwamba jina lake ni jipya, baba yake alilibuni mwenyewe, na hakuna bibi hata mmoja duniani anayeitwa hivyo.

Sasa bibi mwenye jina hilohilo alikuwa ameegemea bega lake, na karani wa mapokezi ameshika kalamu.

“Mgonjwa anaitwa nani?”

Sikudhani alisikia pumzi za Kidomo kisogoni. Jina la kwanza lililomjia mdomoni ndilo alilolitoa.

“Rukia.”

“Ana kadi ya zamani?”

“Hana.”

Karani akaandika kadi mpya. Uongo ni mtoto wa kuzaliwa mapacha. Ukimpokea wa kwanza, wa pili yuko njiani. Sikudhani alijifariji kwamba madaktari wamesoma, hawawezi kukosea, na pengine watampa Bibi vidonge tu.

Daktari aliutazama ule mguu, akauliza kama kuna dawa yoyote inayomdhuru mgonjwa. Bibi alikuwa anatetemeka kwa homa na hakujibu. Mlango ulikuwa wazi, na Kidomo alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, shingo ndefu. Sikudhani alifungua kinywa, akakifunga, kisha akasema hajui. Daktari akaandika sindano.

Walikaa nje ya chumba cha sindano. Sikudhani alitazama saa ya ukutani: ilikuwa saa nne, na Mama atafika saa sita. Muuguzi alitokeza kichwa, akaita Rukia. Hakuna aliyeitika. Akaita tena, mpaka Sikudhani akakumbuka kwamba ni wao wanaoitwa.

“Huyu bibi hasikii vizuri?” muuguzi aliuliza.

Sikudhani alimsaidia Bibi kukaa kitandani. Muuguzi alichukua kichupa, akavuta dawa, akainua bomba la sindano kwenye mwanga wa dirisha. Bibi alifungua macho kidogo, akamtafuta mjukuu wake, akampapasa mkono. Alimwamini. Sikudhani aliona aibu iliyomzidi ile ya darasani mara mia.

“Dada, naomba usimchome,” alisema. “Huyu siye Rukia. Nilidanganya. Anaitwa Sikudhani, na kadi yake iko hapa hospitalini. Kuna dawa itamuua.”

Mlango huo nao ulikuwa wazi. Benchi zima lilisikia.

Muuguzi aliiweka sindano kwenye sinia polepole. Hakumfokea. Alimwomba mwenzake abaki na Bibi, akamshika Sikudhani mkono, wakaenda mbio hadi chumba cha kumbukumbu.

Mtunza kumbukumbu alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipoambiwa jina, alivuta droo, akaanza kutoa kadi moja baada ya nyingine, mpaka meza ikajaa.

“Kumi na nne,” alisema. “Zote Sikudhani. Mnamtaka yupi?”

Sikudhani alitoa macho. Muuguzi alimwambia afanye haraka, homa ile haingoji. Jina la baba yake Bibi ni nani? Hakulijua. Amezaliwa mwaka gani? Hakujua pia. Kwake yeye alikuwa Bibi tu, na Sikudhani alitamani ardhi ipasuke.

“Alikuwa mpishi,” alisema hatimaye. “Mpishi wa shule ya bweni.”

Mzee alipekua. Mmoja mkulima, mmoja mfuma vikapu, wawili washonaji. Kadi ya tisa ilikuwa ya mpishi. Juu yake, kwa wino mwekundu, daktari aliandika kwamba mgonjwa huyu asipewe penisilini kamwe. Muuguzi aliisoma mara mbili, akavuta kiti akakaa. Dawa iliyokuwa ndani ya sindano ile ilikuwa penisilini.

Bibi alipewa dawa nyingine, akalazwa wodini. Mama alipofika saa sita, homa ilikuwa imeanza kushuka. Sikudhani alimweleza yote, bila kupunguza neno. Mama aliisoma ile kadi ya wino mwekundu, kisha akaketi kando ya Bibi. Muuguzi ndiye aliyesema.

“Sisi hapa hatuwajui wagonjwa kwa sura. Jina ndilo linatuambia dawa ipi ni ya nani. Umelificha jina la bibi yako, na kidogo tumpoteze yeye mwenyewe. Ila ulisema kweli wakati kusema kulikuwa kugumu, ndiyo maana yuko hai. Safari nyingine usingoje mpaka sindano ijae.”

Jioni Bibi aliweza kukaa. Sikudhani alipiga magoti, akamwomba radhi. Kisha akamwuliza jambo lililomkaa moyoni tangu asubuhi: kwa nini watu wengi vile wanaitwa jina moja.

“Mama yangu alizika watoto watatu,” Bibi alisema. “Akakata tamaa. Miaka tisa baadaye tumbo likamwuma, akadhani ni ugonjwa. Nikazaliwa mimi. Mkunga akamwuliza mtoto ataitwa nani, naye analia tu, anasema sikudhani, sikudhani. Mkunga akamwambia basi jina umeshalitaja.” Alinyamaza kupumua. “Hizo kadi kumi na nne, mjukuu wangu, kila moja ina mama aliyekuwa amekata tamaa akapewa mtoto. Jina hili lilipendwa kwa sababu watu walikuwa wanashukuru. Na mama yako alikaa miaka sita akikungoja. Unafikiri alikupa langu kwa kukosa jingine?”

Sikudhani aliuinamia mkono wa Bibi, akaubusu.

Muuguzi alipita na daftari la wagonjwa waliolazwa. Alitaka jina la mtu atakayelala na Bibi. Kwenye kitanda cha pili alikuwa amelazwa Kidomo kwa kile kikohozi chake, akisikiliza.

“Sikudhani,” mjukuu alijibu, kwa sauti ya kusikika wodi nzima.

“Nakuuliza jina lako, si la mgonjwa.”

“Ndilo langu. Mimi ni wajina wake.”

Muuguzi akaandika. Bibi alijiegemeza kwenye mto, akafumba macho.

“Andika vizuri, mwanangu,” alimwambia muuguzi. “Huyo alitafutwa sana.”