Vidole vya Elimringi

— Umesoma meseji zangu?

Elimringi alikuwa amekaa jikoni, simu ya Dorothea mbele yake, kioo bado kinawaka.

— Nakuuliza wewe! Umefungua simu yangu nikiwa bafuni?

Hasira ya Dorothea ilikuwa ya kweli. Ndiyo kwanza ametoka shift hospitalini, taulo bado kichwani, na wiki sita tu zilibaki wafunge ndoa. Akafungua mdomo aongeze la pili.

Elimringi akagonga meza kwa vidole viwili. Ta-ta. Akatulia. Ta.

Hasira ikaisha. Haikupungua, iliisha, kama taa iliyozimwa. Joto tamu likajaa kifuani, mabega yakashuka, na Dorothea akajisikia akisema:

— Samahani, mpenzi. Nimechoka tu.

— Najua, Dori. Kaa. Ile email ya chuo cha Houston umeshaijibu?

— Bado. Mwisho ni Jumatatu.

— Si tulikubaliana utakataa?

Hawakuwa wamekubaliana. Miaka minne Dorothea alikuwa anaililia nafasi ile ya kuongeza masomo ya uuguzi. Alitaka kusema hivyo.

Ta-ta. Ta.

— Nitakataa, — akasema, na alikuwa anatabasamu.

Alipoingia chumbani kuvaa, akajiona kwenye kioo. Tabasamu bado lilikuwa pale. Alijaribu kuliondoa, likachelewa kuondoka. Hapo ndipo woga ulipomwingia.

Elimringi alikuwa mtu wa Machame, mpole, hanywi, hapigi kelele. Alifanya kazi Plano, Texas, kwenye kampuni ya michezo ya simu. Kazi yake ilikuwa kusoma tafiti za saikolojia na kutafuta kinachomfanya mtu ashindwe kuiweka simu chini. "Binadamu ni mazoea," alipenda kusema. Wadada wa jumuiya ya Watanzania pale Grand Prairie, walikokaa, walimwambia Dorothea ameokota dhahabu.

Jumamosi asubuhi Dorothea aliendesha gari kwa saa nne hadi Alief, Houston, kujaribu gauni la harusi. Fundi wake alikuwa Anastasie, Mkongo wa Uvira, mwanamke mcheshi aliyeshonea sebuleni huku anapika. Mdogo wake, Clarisse, alikuwa kwenye kochi anashona vifungo. Dorothea hakuwahi kumwona kabla. Alikuwa msichana mkimya, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri.

— Gauni limekukubali, dada! — Anastasie aliita kutoka jikoni. — Ngoja nigeuze sombe, ninakuja.

Akakung'uta mwiko kwenye ukingo wa sufuria ya kisamvu. Ta-ta. Ta.

Dorothea akainua kichwa, anatabasamu.

Clarisse naye akainua kichwa, anatabasamu.

Wakatazamana. Lilikuwa tabasamu moja kwenye nyuso mbili, laini na tupu, la mtu anayeitwa na asiyemwona. Kisha la Clarisse likaanguka, na vifungo vikamwagika sakafuni.

— Nani alikufundisha kucheka vile? — alinong'ona.

— Vipi?

— Vile! Mwanaume gani?

Dorothea akatafuta picha ya Elimringi kwenye simu. Clarisse aliitazama mara moja tu, akaigeuza kifudifudi.

— Ni Elly. Tulikaa naye miaka mbili, hapa hapa Houston. Alikuambia hakuwa na mutu mbele yako?

— Ndiyo.

— Mais... lakini, sikiliza. Mwanzo alikuwa anagonga tu wakati niko na furaha. Nikicheka, anagonga. Akinikanda miguu, anagonga. Minafikiri ni desturi yake. Kisha siku moja tunagombana, anagonga, na mimi nanyamaza. Akasema niache kazi, nikaacha. Niache kwaya, nikaacha. Dada yangu hapa, sikumupigia simu mwaka muzima.

Anastasie alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi.

— Alirudi kwangu na mufuko moja tu, — akasema polepole. — Hakunieleza kitu.

— Ningeeleza nini? Mupaka leo mutu akigonga mulango vile, minasimama kama mbwa.

Neno lile lilimpiga Dorothea. Mbwa. Mwaka wa kwanza wa uuguzi walisomeshwa: kengele inalia, mbwa anapewa chakula. Kengele, chakula. Kengele, chakula. Mwishowe kengele inalia peke yake na mate yanatoka. Akakumbuka jioni zile za mwanzo, miguu yake mapajani mwa Elimringi baada ya shift, chai ya tangawizi, na vile vidole kwenye mkono wa kochi. Kila siku. Kwa subira.

Lakini akakumbuka pia nusu ya pili ya somo, ambayo wengi huisahau. Kengele ikilia sana bila chakula, mate hukauka.

Simu ikaita. Elimringi. Dorothea akaweka sauti kubwa.

— Umefika salama? Mbona hujatuma meseji?

— Elimringi, niko na Clarisse.

Walisikia pumzi yake tu. Kisha, badala ya neno:

Ta-ta. Ta.

Joto likapanda. Wanawake wote wawili waliegemea mbele kidogo, kuelekea simu, bila kutaka. Anastasie alijishika mdomo.

— Dori, — sauti ilikuwa nyororo. — Rudi nyumbani, tuongee.

Dorothea akaukamata mkono wa Clarisse.

— Gonga tena.

— Unasema?

— Gonga. Usiache.

Akagonga. Wao kimya. Akagonga tena. Clarisse alikuwa analia bila sauti, lakini hakuachia mkono. Mara ya kumi, Dorothea alisikia mwili ukimvuta kuelekea mlangoni, kwenye gari. Mara ya ishirini mvuto ukalegea. Ta-ta, ta. Ta-ta, ta. Vidole vilianza kukimbia, vikakosa mpangilio, vikawa vidole tu vya mtu anayegonga meza.

— Sema kitu! — Elimringi akapasuka. — Dorothea, sema kitu!

— Kwa nini ulinifanyia hivi?

— Kwa sababu watu huondoka! Nimesoma kila kitu kuhusu kwa nini watu huondoka. Sikukupiga. Sikukutukana. Nilikufanya uwe na furaha, kuna ubaya gani?

— Unakumbuka msiba ule wa kule Garland? Mvua inanyesha, wanaume wote wamekimbilia ndani, wewe ukabaki unakusanya viti peke yako?

— Nakumbuka.

— Nilikupenda siku ile. Hukuwa umenigusa, hukuwa umegonga chochote. Ungeacha tu, ungeona kama nabaki.

— Na sasa?

— Sasa hata mimi siwezi kujua. Kila nilichowahi kuhisi kwako, sijui kipi ni changu.

Upande wa pili mwanaume alianza kulia. Kilikuwa kilio halisi, na Dorothea alikisikiliza mpaka kikamuuma. Kisha akakata simu.

Pale pale, gauni likiwa bado mwilini na pini mgongoni, aliwaandikia chuo: "Nimeikubali nafasi." Akatuma kabla mkono haujabadili nia. Anastasie akamfungulia zipu.

Kwao Bukoba ilikuwa usiku. Mama yake alipokea simu haraka, kwa furaha.

— Mwanangu! Gauni limekaaje?

— Mama, ndoa haipo tena.

Kijiko kiliwekwa chini huko upande wa pili.

— Alikupiga?

— Hapana, mama.

— Ana mwanamke mwingine?

— Hapana.

— Anakunywa?

— Hanywi.

— Sasa amekufanya nini, Dorothea? Ukoo mzima umeshaalikwa. Nitawaambia nini?

Dorothea alitafuta neno. Kwa Kiingereza lilikuwepo, la vitabuni, lakini mama yake lisingemfaa.

— Alinifuga, mama. Akaniita, nikaja. Sikujua kama naitwa.

Dorothea akasikia mlango ukifungwa taratibu huko Bukoba.

— Mama? Upo?

— Nipo, — sauti ilikuwa imebadilika, imeshuka, kama ya mtu anayeangalia kama kuna anayesikiliza chumba cha pili. — Nimekuelewa kuliko unavyodhani. Mrudishie pete yake, mwanangu. Baba yako niachie mimi.