Macho ya Januari na Taa za Pikapu

Mtaa mzima pale Ujiji uliijua pikapu ya Januari. Ilikuwa ya zamani, ya bluu, na ilipakwa mawese. Ndiyo, mawese yale yale ya kupikia.

Kila jioni kabla ya siku ya gulio la Kalinzi, Januari aliiosha kwa maji na sabuni. Kisha alichovya kitambaa kwenye mawese ya mkewe, akafuta taa za mbele. Taa hizo zilikuwa zimeingia ukungu wa njano. Zikipata mawese, zilimeta.

“Gari lako linakula mawese kuliko sisi,” mkewe, Leonia, alimtania.

“Liache lile. Ndilo linalotulisha,” Januari alijibu.

Alisema kweli. Leonia alinunua dagaa kwa wavuvi, akawakausha na kwenda kuwauza Kalinzi, juu milimani. Huko alinunua maharage na ndizi za kuuza Ujiji. Pikapu ilibeba vyote. Waliondoka alfajiri kabla hakujapambazuka, na mara nyingi walirudi giza limeshaingia.

Jioni moja, giza likiwa limeingia, walikuwa wanateremka kutoka Kalinzi. Mbele yao mtu alikuwa anasukuma baiskeli iliyosheheni ndizi. Januari hakumwona. Aliyemwona ni Leonia.

“Baba Bariki! Mtu!”

Januari alikanyaga breki. Pikapu iliserereka, ikasimama karibu kabisa na baiskeli. Mwenye ndizi aliwatukana, na alikuwa na haki ya kutukana.

Walipofika nyumbani, Leonia alisema, “Mimi sipandi tena gari lako gizani. Gulio lijalo nitakodi gari la Feliksi.”

“Na pikapu?”

“Iuze.”

Januari hakubishana. Leonia alishangaa, maana mumewe ni mbishi wa kutosha watu wawili. Hakujua kwamba Januari alikuwa na hofu kubwa. Baba yake Januari alipofuka uzeeni. Januari alimkumbuka akipapasa ukuta kutafuta mlango. Sasa aliamini zamu yake imefika, na hakumwambia mtu.

Asubuhi alikwenda kliniki ya macho. Muuguzi wa zamu alikuwa Skolastika, jirani yake wa mtaani. Skolastika alihamishiwa Kigoma kutoka Songea, lakini Kiha cha salamu alikwisha kukijua.

“Mwakeye, Mzee Januari! Leo umetutembelea?”

“Mwakeye neza, mwanangu. Nimekuja na macho yangu. Yanakufa.”

Skolastika alimsomesha herufi za ukutani. Akamulika jicho moja, kisha la pili. Akaandika, akatabasamu.

“Mzee, unaona mbali vizuri. Unachohitaji ni miwani ya kusomea tu, kama watu wengi wa umri wako. Nani kakwambia macho yanakufa?”

Januari alimweleza habari ya mtu wa baiskeli.

“Ukipanda gari la mtu mwingine usiku, unaiona barabara?” Skolastika aliuliza.

Januari alifikiri. Alikumbuka alipopanda gari la shemeji yake kwenda msibani Simbo. Njia yote aliona hadi panya wakikatiza.

“Naiona,” alijibu polepole.

“Basi mgonjwa si wewe. Mgonjwa ni gari. Zile taa zako unazozipaka mawese!”

Januari alicheka, kisha machozi yakamtoka. Hakuona haya. Mzigo aliokuwa nao kifuani ulikuwa mzito.

“Sikiliza,” Skolastika alisema. “Tunasema kioo cha taa, lakini kwenye magari mengi hicho si kioo. Ni plastiki. Kiwandani huipaka utando wa kuikinga na jua. Miaka ikipita, jua linaumaliza ule utando. Plastiki inageuka njano, inapata ukungu. Mwanga unatawanyika, haufiki mbele.”

“Lakini nikipaka mawese zinang’aa.”

“Mafuta yanajaza mikwaruzo midogo, basi. Kesho yake vumbi linanata juu yake. Hayaponyi kitu.”

“Na nikisugua kwa chuma cha kusugulia sufuria?”

“Yewe!” Skolastika aliruka. “Utaziharibu kabisa. Taa za gari langu zilikuwa hivyo hivyo, na fundi akanifundisha kuzisafisha. Nunua vitu nitakavyokutajia. Jumapili nikitoka kanisani nitakuja.”

Jumapili Januari alikuwa tayari. Pikapu aliiegesha kwenye kivuli cha nyumba. Leonia alisimama mlangoni, amekunja mikono.

Kwanza Skolastika alikagua taa. “Ukungu ungekuwa ndani, au taa ingekuwa na ufa, hii ingekuwa kazi ya fundi. Huu uko nje. Tutauweza.”

Waliziosha taa kwa maji ya sabuni mpaka mafuta yote yakatoka. Wakabandika tepu ya karatasi kuzunguka taa, ili wasikwaruze rangi ya gari. Skolastika akatoa msasa wa maji, namba 1000, akauloweka.

“Sugua kwenda upande mmoja, usizungushe. Na usiache pakauke. Mwagia maji muda wote.”

Januari alisugua. Maji machafu ya njano yakachuruzika. Kisha akachukua msasa laini zaidi, namba 2000, akasugua kwa kukatiza ile njia ya kwanza. Alipofuta maji na taa ikakauka, ilikuwa nyeupe kama maziwa. Haikuonyesha kitu.

“Mmeiua!” Leonia alipiga kelele. “Angalau jana ilikuwa inaona kidogo!”

Hata Januari aliingiwa na wasiwasi.

“Inatakiwa iwe hivyo, Mama Bariki,” Skolastika alisema. “Wengi hufika hapa wakaogopa, wakaacha. Tunaendelea na namba 3000.”

Baada ya msasa huo wa mwisho, alitia dawa ya kung’arishia rangi ya gari kwenye kitambaa laini. Akampa Januari, naye akasugua kwa nguvu. Taratibu weupe ukaanza kuondoka. Ikaonekana balbu. Ikaonekana na skrubu iliyoko ndani.

Leonia alikuja karibu. Aliinama, akauona uso wake kwenye taa.

“Tumemaliza?” Januari aliuliza.

“Bado. Ukiishia hapa, jua litazirudisha kwenye ukungu baada ya muda mfupi. Ule utando wa kiwandani haupo tena. Lazima tuweke mwingine.”

Walizifuta kwa spiriti ili mafuta ya vidole yatoke, wakafunika sehemu za gari zilizo karibu kwa magazeti. Walisubiri upepo wa ziwani utulie, kwa sababu unaleta vumbi. Wakajifunga vitambaa puani na mdomoni. Skolastika alipuliza vanishi ya kopo isiyo na rangi, ile iliyoandikwa kuwa inakinga jua. Alipuliza kidogo, akaacha ikauke, akapuliza tena.

“Usiziguse mpaka kesho,” alisema. “Baadaye osha kwa sabuni na kitambaa laini. Egesha kivulini unapoweza. Na fundi aangalie kama taa zinapiga barabarani, zisiwaumize macho wenzako.”

“Na mawese?” Januari aliuliza.

“Yarudi jikoni!” Leonia alijibu.

Siku ya gulio ilifika. Leonia alikuwa hajakodi gari la Feliksi, lakini pia hakuwa ameridhika.

“Nakujaribu mpaka Mwandiga tu,” alisema akipanda. “Nisiporidhika, nateremka na dagaa wangu.”

Waliondoka alfajiri. Mwanga ulitanda barabarani mbele yao, mweupe na ulionyooka. Januari aliwaona wanawake wenye mizigo kichwani wakiwa bado mbali. Alipunguza mwendo, akashusha taa zisiwaumize, akawapa nafasi. Huko juu mlimani walikuta ukungu. Alishusha taa tena, akaenda polepole zaidi. Ukingo wa lami alikuwa anauona vizuri.

“Mwandiga tumeshaipita zamani,” alisema. “Unateremka?”

Alitupa jicho upande wa pili.

Leonia alikuwa amelala.