Kufuli Jekundu la Wilbard

Siku ya mnada Kahama usijidai una haraka. Ng'ombe wanapita, mbuzi wanapita, wauza mitumba wamemwaga mizigo hadi barabarani, na bodaboda zinajipenyeza mahali ambapo hata kuku angesita. Moshi wa nyama choma umetanda, kila mtu anapiga kelele. Katikati ya vurugu hiyo, gari dogo la kijani lisilo na paa likakohoa, likazima.

"Dada, ondoa kisanduku chako ng'ombe wapite!"

"Kisanduku ni hicho kichwa chako!" akajibu mwenye gari, na watu wakaangua kicheko.

Huyo ndiye Justa. Amevaa jinzi iliyomkaa sawasawa, blauzi ya njano, kilemba cha kitenge, na hereni kubwa zilizocheza kila alipogeuza shingo. Kucha zake zilikuwa nyekundu, na chini ya kucha kulikuwa na grisi. Alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki pale mjini, lakini roho yake ilikuwa ndani ya lile gari.

Na gari lenyewe, jamani! MG ya Kiingereza, ya miaka ya sitini, fupi, imelala chini, pua ndefu. Mzungu mmoja alilileta kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui enzi hizo, na alipoondoka akamwachia fundi wake, Mzee Jilala, babu yake Justa. Mzee alimlea mjukuu wake kwa uji na spana. Sasa mzee ameshalala, na mjukuu amelitia gari injini ya Toyota Altezza, amekwangua uzito milangoni, amefunga matairi mapana nyuma na mabomba ya chuma ya kumkinga likibinuka. Ukiliona limesimama tu unatamani kulipigia makofi.

Kijana mmoja akajitokeza kwenye umati. Mrefu, mweusi wa kung'aa, buti za mgodini, ovaroli ameivua nusu akafunga mikono yake kiunoni.

"Habari, dada. Fungua swichi, usipige stata."

"Wewe nani?"

"Fungua kwanza. Jina langu halikimbii."

Justa akafungua. Kijana akainama, akaweka sikio karibu na tangi la mafuta kama anayesikiliza tumbo la mama mjamzito. "Pampu imenyamaza," akasema. Akaingiza mkono chini, akakaza waya. Mvumo mdogo ukasikika.

"Haya, piga sasa."

Likanguruma! Fahali mmoja akaruka kamba, wanunuzi wakatawanyika, muuza mitumba akamlaani kila aliyezaliwa na gari. Justa alicheka mpaka machozi.

"Wabeja," akamshukuru kwa Kisukuma. "Haya, hilo jina?"

"Wilbard. Kwetu Ushirombo. Nafanya kazi mgodi wa Bulyanhulu, fundi mitambo, chini ya ardhi."

"Na hilo kufuli jekundu kwenye begi? Unawafungia wake zako?"

"Hilo ni la kazini. Mke sina," akasema, akimtazama machoni. "Nilikuwa nasubiri gari lizime."

Basi, hapo ndipo yalipoanzia.

Zikafuata wiki za simu. Wilbard akitoka chini, hata vumbi hajaoga, anapiga.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Grisi."

"Nakuja Jumamosi na samaki, wewe na grisi yako mtanikoma."

Na alikuja kweli. Siku zake za mapumziko aliingia chini ya MG, miguu tu ikionekana, na Justa akimpasia spana na maneno matamu. Mama yake Justa alikuwa akipita uani na ndoo, anajifanya hasikii. Alisikia kila kitu, na alifurahi.

Lakini lile gari lilikuwa na kesi. Mzee Jilala alipozikwa, kikao cha ukoo kilikaa, na Baba Mkubwa Ndaki akasema bila kupepesa: "Mtoto wa kike ataolewa. Gari la baba yangu likaishie ukoo wa watu? Apewe Enock." Enock ni mwanawe. Kijana huyo ana Subaru ya buluu, na kila mwaka ndiye alikuwa bingwa wa mashindano kwenye uwanja wa zamani wa ndege nje ya mji, ambako magari hutoka mawili mawili na kukimbia mita mia nne moja kwa moja.

Justa alisimama katikati ya wazee. "Shikamooni. Babu alinifundisha mimi. Tushindane na kaka Enock pale uwanjani. Akinishinda, achukue funguo, nami sitalia. Nikimshinda, asilitaje tena mtu."

Ndaki alicheka sana. Akakubali, maana nani asiyejua mwanawe hashindwi? Ila akaongeza: "Usipofika mstarini, umeshindwa."

Mashindano yakabaki siku chache tu. Wilbard akapiga simu, na siku hiyo ulimi wake ulimponza.

"Mpenzi, mama ameniuliza kitu. Eti mkwe wake atakimbiza magari mpaka lini?"

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilicheka tu."

"Ulicheka?"

"Sasa ningesemaje, Justa? Yule ni mama."

"Ungesema! Kumbe na wewe ni walewale. Baba Mkubwa anataka gari kwa sababu nitaolewa, mama yako anataka niliache kwa sababu nitaolewa. Kuolewa gani huku kwa kunyang'anywa?"

"Justa, nisikilize..."

Hakumsikiliza. Alikata simu, akambloki kila mahali, akalia, akanawa uso, akaenda dukani. Hasira za Justa zilikuwa na moto kuliko injini yake, na hapo kusema kweli alizidisha.

Asubuhi ya mashindano aliamka mapema. Akavaa ovaroli nyeupe aliyoishonesha mwenyewe, mkanda mwekundu kiunoni, nywele amesuka mistari ya kulala. Alipendeza huyo, acha! Akatoka uani kuliamsha gari.

Akakuta mnyororo. Ulikuwa umepita kwenye matundu ya ringi ya gurudumu la nyuma, umezunguka springi, na kwenye ncha zake limening'inia kufuli jekundu lenye kadi ya plastiki. Kwenye kadi kulikuwa na picha ya Wilbard na maandishi: HATARI. USIONDOE.

"Mama! Wilbard alikuja hapa?"

"Sikumwona, mwanangu. Jana jioni nilikuwa kwenye sala za jumuiya. Nilimkuta jirani tu, akasema alimwona anakimbilia basi la shifti."

Akamtoa kwenye bloki, akapiga. Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Bila shaka yuko chini, au amezima kwa makusudi. Moyo wa Justa ukauma vibaya. Mwanaume aliyemlisha samaki kwa mkono wake, leo amemfungia gari siku ya kesi yake!

Hapo Enock naye akaingia na baba yake, wamekuja kuona kama atatoka. Ndaki alipouona mnyororo akaguna.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Unaona sasa? Hata huyo bwana wako anajua hii siyo kazi ya mwanamke. Tupe funguo, tusichoshane juani."

Enock alikuwa na aibu kidogo. Si mtu mbaya, Enock, ila amezoea kushinda. "Dada, kwenye gari nina grenda. Nikukatie?"

"Lete."

Justa akaishika mwenyewe. Akapiga magoti, akaiwasha, diski ya grenda ikalia. Ikabaki upana wa kidole kufika kwenye kufuli. Akasita.

Kwa nini gurudumu la nyuma?

Mtu anayetaka kukuzuia atafunga usukani, au geti. Atachukua betri, basi. Wilbard ni fundi, na fundi hafungi mahali kwa bahati mbaya. Justa akazima grenda, akalala chali kwenye vumbi na ovaroli yake nyeupe, mama yake akapiga yowe. Akamulika kwa tochi ya simu kupitia tundu la ringi.

Ndani, kwenye habu, ile sehemu inayoshika gurudumu, kulikuwa na duara la chaki. Katikati ya duara kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umetoka bolti moja hadi nyingine.

Justa alijua maana yake. Kwa kasi ile ya uwanjani gurudumu lingechomoka, na yeye angerudishwa nyumbani kwa ajili ya kuzikwa. Na yule mtu aliyelichora lile duara bila shaka alikuwa amempigia simu, amempigia tena, na yeye alikuwa amembloki.

Simu ikamlilia mkononi.

"Hatimaye!" Sauti ya Wilbard, nyuma yake mashine inapiga kelele. "Justa, usilikate! Nakuomba kwa jina la Mungu, usilikate!"

"Sijalikata. Nimeona ufa. Uko wapi?"

"Bugarama, kwa fundi wa kukereza vyuma. Nimetoka shifti nikaja moja kwa moja, anamalizia habu mpya. Tangu jana nakupigia, simu haiingii."

"Si kosa la mtandao, Wili. Ni mimi. Nisamehe."

"Tutasameheana baadaye. Hapo kuna mtu ana grenda?"

"Yupo."

"Likalie hilo gurudumu mpaka nifike."

Na Justa akalikalia kweli. Akamweleza Enock, naye akainama, akamulika, akainuka amebadilika uso. "Dada," akasema, "ningekukatia, mimi ndiye ningekuua." Akairudisha grenda kwenye gari lake. Ndaki tu ndiye aliyeshikilia msimamo: asiyefika mstarini ameshindwa.

Jua lilikuwa limeshavuka utosi bodaboda ilipoingia uani na Wilbard nyuma, macho mekundu kwa kukosa usingizi, habu amekumbatia kifuani. Alitoa ufunguo shingoni, akafungua kufuli lake mwenyewe. Wakaanza kazi, vichwa vimegusana.

"Kwa nini hukumwambia jirani?" Justa akanong'ona.

"Nilikuja kukagua bolti mara ya mwisho, na nilipouona ufa basi lilikuwa linapiga honi. Halafu chini kule kufuli linatosha. Ukiliona jekundu unajua limebeba uhai wa mtu. Hakuna anayeligusa ila aliyelifunga, hata meneja haligusi. Nilisahau kwamba huku juu mambo siyo hivyo."

"Huku juu tukiona kufuli, tunamtafuta mchawi wetu."

Wakacheka. Kisha Wilbard akaacha spana. "Na mama nimempigia leo. Sikucheka. Nimemwambia mkwe wake anaendesha mpaka achoke mwenyewe, na mimi ndiye mkaza bolti wake."

"Akasemaje?"

"Akauliza, je, ni kweli gari lina rangi ya kijani? Anaipenda kijani."

Uwanjani jina la Justa lilikuwa linaitwa kwa mara ya mwisho MG ilipotokea, vumbi nyuma, pua mbele. Umati ukalipuka. Unajua watu wetu, kila mashindano ni ngoma: wakagawanyika papo hapo, kama yale makundi mawili ya ngoma za Kisukuma yanayoshindana, hawa Bagika hawa Bagalu, akina mama wanapiga vigelegele, vijana wamepanda juu ya malori. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Mwadui alivua kofia alipoliona gari. "Hilo nalijua," akawa anarudia, "hilo nalijua."

Bendera ikashuka. Subaru ilichomoka kama imesukumwa, maana inavuta kwa magurudumu yote manne. Matairi ya MG yakachoma moshi, mkia ukayumba, na Justa akaurudisha kwa viganja tu, bila papara. Gia ya pili. Enock bado mbele. Gia ya tatu, injini ikapanda sauti hadi ukaisikia kifuani, na lile gari la mzee likanyoosha pua yake ndefu na kuanza kula nafasi. Mlango. Taa. Ubavu kwa ubavu. Wilbard alikuwa amesimama pembeni akilitazama gurudumu moja tu, la nyuma, hakuona kingine. Justa akaingiza ya nne, akapita mstari wakati nusu ya boneti yake iko mbele.

Nusu ya boneti! Mama yake alikimbia uwanja mzima na kanga mkononi.

Enock alishuka, akamkumbatia. Ndaki alikuja polepole, ufunguo wa pili wa gari mkononi, ule aliokaa nao tangu msiba. Alimtazama mtoto wa ndugu yake aliyejaa vumbi na grisi. "Baba angefurahi," akasema kwa shida, akampa. Mtu mzima kusema hivyo mbele ya watu si jambo dogo.

Umati ulipopungua, Wilbard akamvuta Justa nyuma ya gari. Akafungua begi, akatoa kipande cha chuma chenye matundu kama sega, na kufuli jekundu lilelile limening'inia kwenye tundu moja.

"Chini kule, watu wawili wakishika mtambo mmoja, wanatumia hiki. Kila mmoja anatundika kufuli lake. Mtambo hauwaki mpaka wote wawili waridhike. Hakuna mkubwa hapo."

Akatoa kufuli la pili, jipya, jekundu vilevile. Kwenye chuma chake kulikuwa kumechongwa JUSTA, herufi zimepinda kidogo, kazi ya mkono wake.

"Sitaki kukuoa nikakufungia kitu tena peke yangu. Nataka tuwe hivi. Unakubali?"

Justa aligeuza lile kufuli, macho yamejaa machozi. "Ufunguo wake?"

"Huo hapo. Ni mmoja tu."

"Na wa akiba unao wewe?"

"Hakuna wa akiba. Anao mwenye kufuli."

Justa akautia ufunguo kwenye mnyororo wa rozari yake, shingoni. Halafu akatundika kufuli lake kwenye tundu la jirani na lile la Wilbard, akalibana. Likalia: ka!

Wilbard alisimama kama aliyekatikiwa umeme. "Sasa... hilo ndilo jibu?"

"Ebo!" Justa akamkamata ovaroli, akamvuta karibu. "Fundi wa mgodini mzima, hujui kusoma kufuli?"