Pazia la Uwanja wa Askari

Saa nne asubuhi, wageni sita kutoka jiji jirani walisimama kwenye ukingo wa Uwanja wa Askari, katikati ya jiji la Ulindwa, wakatazama sanamu ya shaba ikiyeyuka mbele ya macho yao. Ilianza kofia, ikafuata bunduki, yakamalizia mabuti. Mahali pake pakachipua bustani ya mawaridi mekundu, na vipepeo wawili wakatua juu ya maua ambayo hayakuwapo.

"Hilo ndilo Pazia," alisema mhandisi Kalunde Mihayo. "Sanamu bado ipo. Ninyi tu ndio hamwioni."

Kalunde alikuwa na miaka arobaini na mbili na sauti ya mtu aliyezoea kueleweka mara ya kwanza. Akawaeleza wageni, aliokuwa amewaazima lenzi, kazi ilivyo. Kila mkazi wa Ulindwa huvaa lenzi jichoni. Lenzi humwelekeza njia, humsomea vibao, na akianguka au moyo ukienda mrama, huita hospitali yenyewe. Pazia ni akili unde inayozungumza na lenzi zote zilizo uwanjani kwa wakati mmoja. Kila mkazi hujaza fomu mara moja, akachagua anachotaka kuona, na kuanzia siku hiyo ndicho anachokiona.

Machaguo yalikuwa matatu, kwa sababu ugomvi wenyewe ulikuwa na pande tatu. Sanamu ile iliwekwa na serikali ya kikoloni miaka michache baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mbele amesimama askari, kifua nje, bunduki begani, jina lake limechongwa kwenye kibao. Nyuma yake yupo mpagazi aliyepiga goti moja, sanduku la risasi begani, hana jina. Watu hawakuwahi kukubaliana kama anajaribu kuinuka au ndiyo anaanguka. Vitukuu wa askari walisema huyu ni mtu wetu, alipigana, aachwe. Vitukuu wa wapagazi walisema huyu ndiye aliyewachapa wazee wetu viboko njia nzima, ang'olewe. Miaka ishirini walirushiana maneno, kisha rangi, kisha mawe. Sheria ya mambo ya kale ilikataza sanamu isiguswe, na madiwani watatu walijiuzulu kwa kuchoka tu.

Ndipo Kalunde akaja na Pazia. Asiyetaka sanamu alipewa bustani. Aliyetaka askari alipewa askari peke yake, na upande wa nyuma, penye mpagazi, aliona ukuta safi wa mawe. Aliyetaka yote aliona yote. Mwaka mmoja baadaye, kati ya kila watu mia, sitini na mmoja walikuwa na bustani, thelathini na sita walikuwa na askari wao, na watatu ndio walioona sanamu nzima. Mawe yalikoma. Mtu wa bustani na mtu wa askari waliweza kukaa benchi moja wakila mahindi ya kuchoma, kila mmoja akiamini ameshinda.

"Na mtu akiishika ile shaba?" aliuliza meya wa wageni, mama mnene mwenye miwani ya urembo. "Sisi wa bustani tutamwona anapapasa hewa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ingewashtua watu. Kwa hiyo anayegusana na shaba, Pazia linamfunika naye. Akiondoka, anaonekana tena."

"Naye pia!" Meya akacheka, wenzake wakacheka. "Hili tunalitaka kwetu."

Kishikwambi cha Kalunde kikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa roboti mfagiaji namba saba: *Kizuizi, upande wa nyuma.* Roboti hawavai lenzi. Wanaona vitu vilivyopo, na tangu Pazia liwekwe walikuwa na tabia ya kuilalamikia sanamu, kwa kuwa ramani yao mpya ilionyesha bustani. Kero ilipozidi, Kalunde alijiwekea jibu la kubonyeza mara moja: *Inajulikana.* Akabonyeza, akawapeleka wageni kivulini wakanywe juisi ya ukwaju.

Roboti namba saba alituma ujumbe uleule mara kumi na moja katika dakika arobaini. Kalunde alijibu mara zote kumi na moja, nyingine bila hata kukatisha sentensi yake.

Simu ya hospitali ilimkuta anapeana mikono na meya.

Baba yake, mzee Mihayo, fundi mstaafu wa vichwa vya treni, alikuwa ameokotwa amelala chini ya sanamu, upande wa nyuma, bega likigusa shaba, amepigwa na kiharusi. Aliyemwona alikuwa Bi Nyamizi, mkulima aliyekuja mjini kutengenezewa lenzi iliyokufa, naye alikatiza uwanjani kwa macho yake mwenyewe. Alisema aliona watu wakipita hatua mbili kutoka kwa mzee huyo, wakizungumza mambo yao, akadhani wakazi wa Ulindwa wote wameingiwa na wazimu. Alipiga kelele mpaka akaitiwa askari wa jiji kwa kosa la kufanya fujo, na huyo askari naye alipofika aliona mawaridi. Bi Nyamizi akamshika mkono, akauweka kifuani kwa mzee.

Daktari hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Kuna dawa ya kuzibua mshipa, na inafanya kazi vizuri. Lakini kwa kiharusi kizito kama chake ina nusu saa tu. Yeye amekaa zaidi ya hapo. Ataishi, na atasema. Mkono wa kulia hautarudi."

"Lenzi yake ingewaita," Kalunde alisema. "Ile lenzi ingewaita mara moja."

"Lenzi yake tumeikuta kwenye kijaluba, mfukoni mwa shati."

Kalunde akaingia chumbani. Mzee alikuwa ameegemezwa mito, mdomo umevutwa kidogo upande mmoja, macho yaleyale ya kukagua mashine.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Neno lilitoka polepole. "Mhandisi mzima unalia?"

"Kwa nini uliivua, Baba? Nilikwambia usiivue hata ukilala."

"Nikiivaa, naona maua."

Kalunde alikumbuka. Kama watoto wengi wa Ulindwa, alimjazia baba yake fomu. Wazee hawapendi fomu. Palipoandikwa chaguo la Uwanja wa Askari, hakuuliza. Babu wa babu yake mzee Mihayo alichukuliwa kubeba mizigo ya vita hiyo na hakurudi, hana kaburi, na mzee mwenyewe alikuwa wa tatu kutia sahihi kwenye barua ya kutaka sanamu ing'olewe. Kalunde aliweka alama kwenye bustani, akaona amemfanyia hisani.

"Nilijua huitaki," alisema.

"Siitaki. Hata leo. Waing'oe, waiyeyushe wafanye sufuria." Mzee akapumzika, akavuta pumzi. "Lakini waing'oe watu wakiiona. Wewe hukuing'oa. Umewafumba watu macho tu."

"Sasa kama huitaki, ulikwenda kufanya nini pale?"

Mzee alimtazama kana kwamba ameuliza jambo la aibu. "Ulipokuwa na miaka sita, nilikuchapa kwa sababu gani?"

Kalunde alikumbuka hilo pia. Shangazi alikuja na kikapu kizito cha viazi, Kalunde akamsalimu shangazi akiwa bado amekibeba. Kwao hilo halikufanywa. Mtu mzima akitokea na mzigo, unaupokea kwanza, unautua, ndipo unasema shikamoo. Kumpita tu ni kumtukana.

"Yule ana mzigo," mzee akasema. "Sijui kama ndiye babu. Yeyote yule, mwaka wa mia na sitini na ngapi huu, na hakuna aliyempokea. Basi mimi kila Ijumaa napita, natia mkono chini ya sanduku, namwambia pole. Sekunde chache tu. Halafu nakwenda zangu sokoni."

Alijaribu kuinua mkono wa kulia aonyeshe alivyokuwa akifanya. Haukuinuka. Aliutazama kwa mshangao, akaufunika kwa ule wa kushoto.

Kalunde alitoka nje, akafungua kishikwambi, akasoma jumbe kumi na moja za roboti namba saba kwa saa zake. Ya kwanza iliingia dakika mbili baada ya baba yake kuanguka. Chini ya kila ujumbe palikuwa na jina lake, na neno lilelile. Akaketi kwenye ngazi za hospitali, akazisoma tena tangu ya kwanza.

Jumatatu mkurugenzi wa jiji, Bwana Ngassa, alimwita ofisini. Alimpa pole ya kweli, kwa maana alimfahamu mzee. Kisha akamsogezea taarifa ya tukio, tayari imeandikwa, inasubiri sahihi.

"Chanzo cha ajali," Kalunde akasoma kwa sauti, "mkazi kuvua lenzi kinyume cha maelekezo."

"Si uongo, Mhandisi."

"Si uongo. Lakini watu mia mbili na kumi walipita pale, Bwana Mkurugenzi. Nimewahesabu kwenye kumbukumbu. Wote walikuwa na lenzi, na wote tuliwafichia. Kabla ya Bi Nyamizi, roboti wa kufagia ndiye pekee aliyemwona, naye alikuja kwangu."

"Ukizima Pazia, mawe yatarudi. Unalijua hilo. Safari hii mtu anaweza kufa."

"Najua."

Alijua kweli, na hilo ndilo lililomnyima usingizi siku tatu. Hakuwa na uhakika kwamba anafanya sawa. Alikuwa na uhakika wa jambo moja tu, kwamba hawezi kuweka sahihi pale. Alichukua kalamu, akakata sentensi ya mkurugenzi, akaandika juu yake: *Mhandisi wa Pazia alijulishwa mara kumi na moja, akajibu kwamba inajulikana.* Akatia sahihi. Kisha akatumia amri ya dharura, ambayo aliyeruhusiwa kuitumia ni yeye peke yake, akalizima Pazia.

Alipofika uwanjani kwa miguu, kelele zilikuwa zimeshaanza. Mawaridi yalikuwa yametoweka. Mama mmoja alisimama na mkoba wake mkononi, akiuliza kila aliyepita ni nani aliyelirudisha lile lisanamu. Upande wa nyuma, kijana aliyevaa tai alikuwa akimtazama mpagazi kwa hasira, kama mtu aliyekuta mgeni sebuleni kwake.

"Huyu katokea wapi?" alimuuliza Kalunde. "Babu yetu alikuwa peke yake. Nimekuja hapa mwaka mzima."

"Alikuwapo," Kalunde alisema. "Mimi ndiye niliyemficha usimwone."

"Wewe? Kwa ruhusa ya nani?"

"Yako. Ulijaza fomu."

Nyuma yao watu wawili walikuwa wameanza kusukumana, na mtu mwingine alikuwa akiwaamulia kwa sauti kubwa kuliko yao.

Kalunde alipanda ngazi mbili. Hakuwahi kufika karibu hivyo. Alilijenga Pazia lote akiwa ofisini. Shaba ilikuwa ya moto kwa jua. Aliona kwamba chini ya sanduku, pembeni, palikuwa pamesuguliwa mpaka paking'aa, upana wa kiganja kimoja. Akatia mkono wake wa kulia hapohapo.

"Pole na mzigo," alisema. Akarudia kwa sauti zaidi.

Kishikwambi kikatetemeka. Roboti namba saba alikuwa amesimama chini ya ngazi, ufagio umeinuliwa, taa yake ya njano inawaka na kuzima. *Kizuizi, upande wa nyuma.* Chini ya maneno hayo kitufe cha jibu kilikuwa tayari, kikisubiri kidole.

Kalunde hakukibonyeza. Alibaki pale na mkono wake chini ya sanduku, na watu wakaanza kumtazama.