Mistari Mitatu ya Mwaija

Kila Ijumaa asubuhi, Bi Swaumu alitia makaa kwenye pasi akanyoosha gauni jeupe la unesi la binti yake, Mwaija. Akimaliza, alilikunja na kulirudisha sandukuni. Gauni hilo lilikuwa halijavaliwa kazini hata siku moja.

Mwaija alikuwa amehitimu uuguzi wa miaka miwili. Wenzake wote walikwisha kupangiwa kazi. Yeye alikuwa na mwezi wa saba kijijini kwao Kwaluguru, akilima mahindi na wazazi wake huku akingoja barua. Majirani walipomwita "nesi" aliona aibu, maana tangu ahitimu alikuwa hajamfunga mtu hata kidonda.

Ijumaa moja Hilaria alipita kuwasalimu. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji cha jirani, mwanamke wa maneno machache na miguu isiyochoka.

"Shikamoo, mama. Mnanyoosha gauni la harusi?"

"Marahaba. La kazi," alijibu Bi Swaumu. "Kazi yenyewe ndiyo haijaja."

Hilaria alimgeukia Mwaija. "Fomu ya kuomba kazi ina mistari mitatu ya kuchagua kituo. Wewe uliandika wapi?"

Mwaija aliinamisha kichwa. "Wa kwanza, hospitali kubwa ya Tanga. Wa pili, hiyohiyo. Wa tatu, hiyohiyo."

"Mimi ndiye niliyemwambia," alisema baba yake, Mzee Mhina, kutoka barazani. Zamani aliwahi kulazwa Tanga, akawaona wauguzi wenye kofia nyeupe wakipita wodini. Tangu hapo aliamini unesi uko huko tu. "Ukiwatajia mahali pengine, watakutupa porini."

Hilaria hakucheka. "Mzee, huko wapo waliosoma miaka mitatu na zaidi, nao ndio wanaochukuliwa kwanza. Mwaija hajanyimwa kazi. Amejiweka kwenye foleni ndefu. Vijiji vya ujamaa vinajenga zahanati, na wenye cheti kama chake ndio wanaotafutwa. Kule Mashewa, upande wa Korogwe, jengo limekwisha kuezekwa lakini halina nesi."

"Akae huko mpaka azeeke?"

"Mimi nilianzia kijijini. Baada ya miaka mitatu nilipendekezwa kusomea ukunga. Kazi ndiyo iliyonipeleka masomoni."

Mzee Mhina alitikisa kichwa. "Huko hata kitanda cha mgonjwa hakuna. Sikumsomesha mwanangu aje ale vumbi."

Uchungu ulimpanda Mwaija. Miezi saba alikuwa amenyamaza kwa heshima. Lakini cheti kilikuwa na jina lake.

"Baba," alisema, "nilisoma nihudumie watu, na hapa simhudumii mtu. Jumatatu nataka kwenda Korogwe nikaombe Mashewa. Naomba niende na radhi yako."

Mzee Mhina aliinuka barazani, akaja kulitazama gauni jeupe.

"Nenda," alisema. "Lakini safari hii mistari mitatu iwe mitatu."

Jumatatu Mwaija alipanda basi. Katika ofisi ya afya ya wilaya alijaza fomu mpya. Mstari wa kwanza aliandika Mashewa, wa pili Bungu, na wa tatu: kijiji chochote chenye zahanati. Karani aliusoma mara mbili.

"Chochote?"

"Chochote," alijibu Mwaija.

Barua ilifika wiki ya tatu. Alipangiwa Mashewa.

Baada ya miezi minne Bi Swaumu alikwenda kumtazama, na pasi yake kikapuni. Alikuta mizani imefungwa kwenye boriti na akina mama wamepanga foleni kupima watoto. Mwaija alikuwa amepiga magoti akisafisha kidonda cha mzee mmoja, pindo la gauni lake limekuwa jekundu kwa udongo.

"Wewe ndiye mama yake?" aliuliza mwanamke mmoja aliyebeba kichanga. "Huyu alizaliwa kimya. Nesi alimshughulikia mpaka akalia."

Machozi yalimtoka Bi Swaumu. Pasi hakuitoa. Alitoa kamba.

"Nipimie upana wa mlango huu," alimwambia binti yake.

"Wa nini, mama?"

"Baba yako anachonga kitanda cha wagonjwa. Anataka kujua kama kitapita."